TEHAMA katika Masomo ya Sanaa Chuo Kikuu: Jukwaa la Masomo, Zana za Uchambuzi au Hifadhi ya Kidijitali?

Idara nyingi za sanaa na sayansi za jamii zimekwisha kuambiwa na vyuo vyao kwamba teknolojia ya habari na mawasiliano (TEHAMA) lazima iingie darasani. Kinachobaki bila jibu ni pa kuanzia. Mhadhiri wa fasihi, historia, isimu au masomo ya dini anayefundisha wanafunzi kutoka Lamu, Faza, Malindi na Watamu huwa na bajeti ya kitu kimoja kwa mwaka, muda wa kujifunza programu moja au mbili, na wanafunzi ambao wengi wao hawana kompyuta ila simu. Ulinganisho huu umekusudiwa kumsaidia mhadhiri huyo, pamoja na mkuu wa idara atakayetia saini.

Njia zinazolinganishwa ni tatu. Ya kwanza ni jukwaa la masomo mtandaoni, yaani tovuti ya chuo ambamo kila kozi ina ukurasa wake wenye usomaji wa wiki, mjadala, majaribio na mahali pa kuwasilisha insha. Mfano unaojulikana zaidi ni Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Ya pili ni zana za uchambuzi, yaani programu ambazo mwanafunzi mwenyewe huzitumia kupekua matini na sauti: AntConc ya Laurence Anthony kwa maandishi, Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam kwa fonetiki, na ELAN ya Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen kwa kuandika yaliyosemwa katika rekodi. Ya tatu ni hifadhi ya kidijitali inayojengwa na wanafunzi kutokana na vyanzo vya mahali wanapoishi, kwa programu kama Omeka, iliyotolewa mwaka 2008 na kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, na QGIS kwa upande wa ramani.

Kundi la WhatsApp la darasa sikulihesabu kuwa njia ya nne. Lipo karibu kila darasa, mara nyingi limeundwa na kiongozi wa wanafunzi kabla mhadhiri hajafika, na linafanya vizuri kazi ya kutangaza kwamba mhadhara umehamishwa. Lakini mjadala wake haupangiki, faili zake hupotea mtu anapobadilisha simu, na nambari ya kila mwanafunzi huonwa na wote waliomo. Liachwe liwe ubao wa matangazo, idara ichague njia yoyote itakayochagua.

Vigezo vya kulinganisha

Swali linalotangulia mengine yote ni la kitaaluma: je, njia hii inamfikisha mwanafunzi karibu zaidi na chanzo, yaani matini, sauti au mahali, au inamletea maelezo yale yale kwa mlango mwingine? Baada ya hilo huja maswali ya utekelezaji: umeme, intaneti na vifaa, muda na ujuzi wa mhadhiri, fedha na nani anayezitoa, idhini na umiliki wa kinachokusanywa, namna ya kutoa alama, na kitakachobaki muhula ukiisha. Nimeanza na lile la kitaaluma kwa makusudi, kwa sababu mikutano mingi huanza na idadi ya kompyuta, na swali la nini mwanafunzi wa ushairi atafanya mbele ya kompyuta hiyo huachwa hadi siku ya uzinduzi.

Kazi anayoifanya mwanafunzi

Jukwaa la masomo hubadilisha zaidi mpangilio wa kujifunza kuliko aina ya kujifunza. Mwanafunzi husoma makala aliyopaswa kuisoma, huandika insha aliyopaswa kuiandika, ila sasa huvipata vyote mahali pamoja na kwa tarehe zinazojulikana. Faida hiyo isidharauliwe. Mwanafunzi aliyekwenda kwao kisiwani na bahari ikachafuka wakati wa kusi hapotezi wiki nzima ya kozi. Mjadala wa maandishi nao huwapa nafasi wale wasioinua mkono ukumbini, na katika falsafa kazi ya kujenga hoja, kuiacha ijibiwe na wenzako kwa siku kadhaa, kisha kurudi kuitetea, ni kazi halisi ya fani hiyo ambayo mhadhara wa saa mbili hauna nafasi nayo.

Zana za uchambuzi hubadilisha usomaji wenyewe. Tuchukue kozi ya ushairi ambamo darasa lina Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 pamoja na tenzi nyingine chache za Lamu na Pate, zote zikiwa katika faili za maandishi matupu. Mwanafunzi anaandika mato katika AntConc, na skrini inampangia kila mshororo wenye neno hilo, neno likiwa katikati, majirani zake kulia na kushoto. Ndani ya dakika chache anaweza kuona ni vitenzi gani huandamana na macho katika tenzi hizo, nani anayetazama na nani anayetazamwa. Akiandika macho badala ya mato, huenda asipate kitu, kwa kuwa washairi hawa walitunga kwa lahaja ambamo macho ni mato, maji ni mayi na njia ni ndia. Nionavyo mimi, utafutaji huo uliorudi mikono mitupu ni somo bora kuliko ule uliofanikiwa, kwani unamlazimisha mwanafunzi kuijua lahaja kabla ya kuiamini hesabu ya mashine.

Kuna jambo jingine linalojitokeza hapo hapo. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo katika mazoea ya zamani haikutenganisha i na e wala u na o, na mara nyingi iliacha nazali (sauti ya puani kama m au n) iliyo mbele ya konsonanti. Kila mhariri aliyezihamishia hati ya Kilatini alifanya maamuzi yake, kwa hiyo neno moja laweza kuwa na tahajia mbili au tatu katika mkusanyo mmoja. Mwanafunzi anayekutana na hilo kwenye skrini hulazimika kuuliza matini aliyo nayo imetoka kwa nani, na swali hilo ndilo mwanzo wa uhakiki wa matini.

Wala matumizi haya si mapya. Padri Roberto Busa wa Italia alipopata msaada wa kampuni ya IBM mwaka 1949 ili apange maneno yote ya mwanatheolojia Thomas Aquinas kwa mashine, alikuwa akisukumwa na swali la theolojia kuhusu dhana ya uwepo, naye alikuwa ameona kwamba hawezi kulijibu bila kufuatilia hata kihusishi kidogo cha Kilatini. Swali lilitangulia, mashine ikafuata. Idara inayotaka kuanza na zana ifuate utaratibu huo huo.

Hifadhi ya kidijitali humgeuza mwanafunzi kuwa mwenye kukiandaa chanzo. Mfano ulio karibu ni mlango wa nakshi katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kupiga picha ya mlango ni kazi ya dakika moja. Kuujazia maelezo ni kazi ya siku kadhaa, kwa kuwa Omeka hutumia vipengele kumi na vitano vya kiwango kiitwacho Dublin Core, na kila kimoja kinadai uamuzi. Mtengenezaji ni nani: fundi aliyechonga, au mwenye nyumba aliyeagiza? Tarehe ni ipi: ya kuchongwa, ya kutiwa katika nyumba hii baada ya kutolewa katika nyumba nyingine, au ya picha? Haki ni za nani? Mwanafunzi wa historia aliyejaza kadi kumi za namna hiyo kwa uaminifu amejifunza uhakiki wa vyanzo zaidi ya aliyekariri fasili yake. Upande wa Malindi mradi wa aina hiyo unaweza kukusanya simulizi za wazee wa Kigiriama juu ya Mekatilili wa Menza na upinzani wa mwaka 1913 dhidi ya Waingereza, na hapo kipengele cha lugha peke yake kitazua mjadala: simulizi ihifadhiwe kwa Kigiriama, kwa Kiswahili, au kwa zote mbili, na nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha tafsiri?

Umeme, intaneti na vifaa

Hesabu ndogo itasaidia hapa. Utenzi wa beti 1,000, wenye mishororo minne kwa ubeti na mizani minane kwa mshororo, ukiwa maandishi matupu haufiki KB 100. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa skani kwa rangi katika nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, hufika takriban MB 26. Saa moja ya sauti ya stereo yenye ubora wa CD katika faili ya WAV ni takriban MB 635, na sauti hiyo hiyo ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hushuka hadi MB 58 hivi. Atakayelipa tofauti hizo kwa bando ni mwanafunzi.

Jukwaa la masomo huhitaji seva inayowaka wakati wote na mtandao wa kuifikia. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009, Pwani ilipata mlango mpana wa intaneti, lakini upana huo hauonekani kwa namna moja kwa aliye Malindi mjini na aliye Kizingitini, kisiwani Pate. Programu ya simu ya Moodle hupunguza tatizo: mwanafunzi anaweza kupakua yaliyomo akiwa chuoni na kuyasoma baadaye bila mtandao, na mhadhiri akiruhusu, hata jaribio laweza kujibiwa hivyo na majibu yakapelekwa baadaye. Haya yote huvurugika mhadhiri anapoweka video ya mhadhara wa saa nzima mahali ambapo kurasa sita za maandishi zingetosha.

Zana za uchambuzi hazitaki intaneti zikishasakinishwa, na hazitaki kompyuta yenye nguvu. AntConc, Praat na ELAN hugawanywa bure, nazo zaweza kubebwa kwenye flashi hadi chumba chochote chenye kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba ni programu za kompyuta, hazifanyi kazi kwenye simu. Darasa lenye wanafunzi sitini na kompyuta kumi litahitaji zamu, na zamu zitahitaji msimamizi. Voyant Tools ya Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell hufunguka katika kivinjari, na pia inaweza kuendeshwa kutoka kompyuta moja ya chumba, jambo linalopunguza kazi ya kusakinisha.

Hifadhi inagawanyika. Kukusanya kunafanywa kwa simu na kinasa sauti, na umeme unaohitajika ni wa kuchaji tu. Kupakia na kuhifadhi kunahitaji seva, diski za akiba na mtandao imara. Njia nzuri ni kuandaa kila kitu kwenye kompyuta ya idara na kukipeleka mtandaoni mara chache, kwa mafungu.

Muda na ujuzi wa mhadhiri

Jukwaa hudai muda mwingi kabla ya muhula na mdogo baadaye. Kozi ikishapangwa vizuri, nakala yake hutumika mwaka unaofuata baada ya marekebisho. Ujuzi unaotakiwa mtu wa kawaida anaupata kwa siku chache, na mara nyingi chuo kina ofisi ya TEHAMA inayosaidia.

Zana za uchambuzi hudai muda pale ambapo wengi hawautarajii, yaani katika kuandaa matini. Tenzi zilizochapishwa lazima zipigwe chapa au zitolewe kwenye skani, zisahihishwe, zihifadhiwe katika usimbaji wa UTF-8 (namna ya kompyuta kuhifadhi herufi), na kila faili iandikwe imetoka toleo gani. Ajihadhari pia anayetegemea visahihisha tahajia, kwa kuwa vimefunzwa Kiswahili sanifu na vitaona mayi kuwa kosa la maji. Kwa upande wa sauti, kuandika yaliyosemwa katika rekodi ya saa moja huchukua saa nyingi za mtu makini, kwa hiyo kazi ya muhula ya mwanafunzi mmoja iwe dakika tano au kumi za rekodi. Mhadhiri mwenyewe naye lazima aijue zana kabla ya darasa, kwani hapa hakuna ofisi ya kumwokoa. Mafundi wa kompyuta wa chuo wanajua kusakinisha programu. Kueleza matokeo ya utafutaji wa kiambishi ni kazi ya mwanaisimu.

Hifadhi ndiyo yenye kudai muda mrefu zaidi, na muda huo haufuati kalenda ya chuo. Mzee atakayehojiwa ana msiba, au ana harusi, au yuko baharini, au hataki kuzungumza na mgeni mara ya kwanza. Huko Lamu wakati wa Maulidi mji mzima una shughuli yake. Mradi uliopangwa kumalizika kwa wiki kumi na nne huishia kukusanya kwa pupa, na pupa katika nyumba za watu huacha jina baya ambalo mwanafunzi wa mwaka unaofuata atalikuta mlangoni.

Fedha

Programu zote zilizotajwa hapa ni za bure, kwa hiyo bei ya leseni haiamui chochote. Jukwaa lina gharama ya seva na watu wa kuiendesha, nayo kwa kawaida hubebwa na chuo kizima. Zana zina gharama ya chumba cha kompyuta, ambazo zinaweza kuwa za zamani. Hifadhi ina gharama ya usafiri, vinasa sauti, diski, na ada ya kila mwaka ya kikoa (anwani ya tovuti) na nafasi ya seva ambayo haina mwisho. Ufadhili wa mara moja hauitoshi. Katika njia zote tatu idara ihesabu bando la mwanafunzi kama sehemu ya bajeti yake, kwa sababu mwanafunzi asiye na bando huonekana kwenye orodha ya alama kama mwanafunzi mvivu.

Idhini na umiliki

Jukwaa lina masuala machache hapa: makala zinazowekwa ziheshimu hakimiliki, na taarifa za wanafunzi zilindwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019.

Kwa zana za uchambuzi swali ni matini imetoka wapi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Utenzi wa mwaka 1858 wenyewe umekwisha kutoka katika ulinzi huo, ila toleo lililohaririwa au kutafsiriwa na mtaalamu wa karibuni huenda likawa bado limo. Idara ichague matoleo ya zamani, au iombe ruhusa na kutunza barua yake.

Kwa hifadhi jambo hili ndilo uti wa mgongo, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, na sheria ya 2019 inamlinda. Simulizi, nyimbo na maarifa ya jamii yana sheria yake ya mwaka 2016 inayohusu maarifa ya jadi na usemi wa kitamaduni, ambayo inaitambua jamii kuwa mwenye haki. Mradi unaofikia kiwango cha utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na maombi yake yatangulie muhula. Nje ya sheria kuna adabu, ambayo kwetu ina uzito wake: bibi anayekuimbia wimbo wa unyago ndani ya ua wake anamwimbia msichana aliyeketi mbele yake, hajaridhia wanaume wa dunia nzima wausikilize. Idhini isiwe karatasi moja ya ndiyo au hapana. Iulizwe kwa ngazi: kusikilizwa darasani tu, kuhifadhiwa bila kuwekwa hadharani, au kuchapishwa mtandaoni, kwa jina au bila jina, na mwenyewe aambiwe kwamba anaweza kubadili mawazo. Wanafunzi wengi hurekodi wazee kwa simu zao kwa ajili ya tasnifu, wakahitimu, na sauti hizo zikafia ndani ya simu. Hilo linauma, kwa sababu baadhi ya wazee hao hawapo tena kurekodiwa upya. Lakini dawa yake ni idara kuwa na mahali pa kuzipokea sauti hizo kwa masharti ya wenyewe, si kuzimwaga mtandaoni.

Kutoa alama

Jukwaa hurahisisha kusahihisha majaribio mafupi na kuweka kumbukumbu za nani aliwasilisha lini. Kwa insha, faida hiyo imepungua tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, kwa kuwa insha ya jumla kuhusu maudhui ya tamthilia inaweza sasa kuzalishwa na akili mnemba kwa sekunde chache. Mhadhiri anayetegemea jukwaa atahitaji kuongeza utetezi wa mdomo au kazi za darasani.

Kazi za zana hutoa ushahidi wa hatua: faili ya matini, orodha ya utafutaji, maelezo ya kwa nini matokeo haya yalikubaliwa na yale yakaachwa. Ni rahisi kuona nani amefanya. Ugumu ni kwamba mhadhiri lazima aamue mapema kama anapima ufasiri au ustadi wa kompyuta, na nashauri ufasiri upewe sehemu kubwa, ili mwanafunzi aliyeshika kipanya kwa mara ya kwanza mwaka huu asiadhibiwe kwa umaskini. Hifadhi hupimwa kwa ubora wa maelezo na idhini zilizokamilika, lakini kwa kuwa ni kazi ya kundi, mchango wa kila mmoja huwa mgumu kutenga. Daftari la kazi la kila mwanafunzi husaidia.

Kinachobaki muhula ukiisha

Jukwaa huacha kozi iliyopangwa. Zana huacha mkusanyo wa matini unaokua kila mwaka, na wanafunzi wenye ujuzi unaotumika katika uhariri, tafsiri na teknolojia ya lugha. Hifadhi huacha kitu ambacho hata mji unaweza kukitumia, ikiwa itatunzwa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo shambulio la mtandao la Oktoba 2023 lilipoiangusha mifumo mingi ya maktaba hiyo kwa miezi, wasomaji duniani walikumbushwa kwamba nakala moja, hata iwe kwa tajiri, haitoshi. Hifadhi ya idara iwe na nakala chuoni, nyingine mahali pengine, na ya tatu kwa wenyewe waliotoa.

Kila njia inamfaa nani

Jukwaa linamfaa mhadhiri mwenye darasa kubwa, kozi inayorudiwa kila mwaka na wanafunzi waliotawanyika. Zana zinamfaa mhadhiri wa lugha, fasihi au maandiko ya dini ambaye tayari ana swali kuhusu matini na darasa dogo la kutosha kukaa mbele ya kompyuta zilizopo. Hifadhi inamfaa mhadhiri wa historia, anthropolojia au turathi mwenye uhusiano wa miaka na watu wa mahali, na ambaye idara yake itaendelea na mradi hata akihamishwa.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Ikiwa kozi yako ni ya lazima kwa mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wengi wao hurudi visiwani au mashambani kila likizo, anza na jukwaa, weka maandishi mepesi badala ya video, na fungua uwezekano wa kufanya kazi nje ya mtandao tangu wiki ya kwanza.

Ikiwa jukwaa lipo tayari lakini limekuwa stoo ya faili za PDF ambazo hakuna anayezifungua, usinunue kitu kipya. Chagua wiki mbili za kozi, uzigeuze kuwa mjadala wenye swali linalobishaniwa kweli, na utoe alama kwa majibu wanayopeana wanafunzi.

Ikiwa una chumba chenye kompyuta chache za zamani na intaneti isiyotabirika, zana za uchambuzi zitakufaa kuliko ulivyodhani. Anza na utenzi mmoja, toleo moja na swali moja, wanafunzi wawili wawili kwa kila kompyuta. Mkusanyo mkubwa utakuja wenyewe miaka ikienda.

Ikiwa wewe ni mhadhiri mgeni, uliyehamia Malindi au Lamu kutoka kwingine, hifadhi isubiri. Tumia mwaka wa kwanza kufahamiana na watu wa makumbusho, walimu wa madrasa, wazee wa kaya na vikundi vya wanawake, na wakati huo fundisha kwa matini zilizokwisha kuchapishwa.

Ikiwa uhusiano huo upo, wanafunzi wana hamu na idara imekubali kulea mradi kwa miaka, anza hifadhi kwa vitu visivyo na utata wa idhini: majengo ya umma, maandishi ya makaburini yaliyo wazi kwa wapita njia, magofu ya Gedi yaliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2024, kwa ruhusa ya wanaoyasimamia. Sauti za watu zifuate mwaka wa pili, baada ya fomu za idhini kuandikwa kwa lugha wanayoielewa, kusomwa kwa sauti mbele yao, na kurekebishwa kwa kadiri watakavyosema.

Na ikiwa idara ina wahadhiri watatu wenye mielekeo mitatu, kila mmoja akitaka njia yake, hakuna ubaya wa kugawana: mmoja apange kozi zote jukwaani, wa pili aandae matini, wa tatu ashughulikie idhini. Waanze kwa kukubaliana namna ya kutaja majina ya faili na mahali pa kuweka nakala za akiba, kwa sababu kazi zao zitakapokutana mwaka wa tatu, hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama zitaunganika.